Salamu za Karani wa Mizigo

Karani wa mizigo aliweza kunitoa jasho asubuhi ya baridi. Nasema hivi nikimpenda. Wewe umesimama kwenye dirisha lake, mkononi una dawa inayotaka barafu, pikapu ya Merti imeshapakiwa na dereva anapiga honi, na yeye anamuuliza mzee aliye mbele yako kama yule fahali mwenye pembe iliyovunjika alipona. Mzee anajibu kwa kirefu, maana fahali si jambo dogo. Karani anasikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa, kisha anauliza habari ya kisima.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na soko, hapa Isiolo mjini, chenye dirisha la nondo na ubao wa kuegemea uliong'aa kwa viwiko vya watu. Hapo ndipo mizigo ya kaskazini ilipopokelewa, ya Merti na Korbesa na vituo vya katikati: unga, vipuri vya pikipiki, viatu vya shule, dawa za mbuzi. Mama yangu anaishi Merti na hataki kuhama. Ana ugonjwa wa sukari, na insulini aliyoandikiwa nainunua mimi huku mjini. Dawa hiyo haipendi joto, na Merti joto halikopwi. Ikipata moto njiani inaweza kufika ikionekana vilevile, safi kama maji, kumbe nguvu imeshatoka, na mama akajidunga akidhani amejitibu. Hilo ndilo lililoninyima usingizi miaka yote hiyo, na bado linaninyima.

Mimi ni mtu wa wasiwasi, sikatai. Mume wangu husema nikikosa la kuhofia nitaliazima kwa jirani. Kwa hiyo mtajua nilivyokuwa nikiteseka pale dirishani.

Alisalimu kila mtu kwa lugha yake. Mborana alipata nagaa, Msomali akapata nabad, Mturkana akaulizwa ejoka, na wafanyabiashara kutoka Meru, ambao siku zote wana haraka, walipigwa muga mpaka wakalazimika kutabasamu. Mwenye kofia ya swala alianza na salaam aleikum kabla ya hayo mengine yote. Watu walibishana yeye mwenyewe ni kabila gani. Aliwaacha wabishane, nadhani alifurahia.

Baada ya salamu kulikuwa na mpango ambao haukubadilika. Kwanza watu wa nyumbani, halafu mifugo, halafu mvua, halafu barabara. Ukimaliza kujibu, unamuuliza na yeye, naye anajibu yote kwa mpangilio uleule, kana kwamba hamkuonana juzi. Hapo ndipo anaweka viganja vyote viwili juu ya ubao na kunyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikuwa ruhusa. Sasa unaweza kusema kilichokuleta.

“Haja ya mtu ni kama ng'ombe mgeni,” aliniambia siku moja nilipolalamika. “Haiingii boma mpaka mtu aisimamie mlangoni.”

“Na yangu inayeyuka, mzee,” nilimjibu. “Barafu yote imeisha.”

“Basi leta hiyo barafu yako tuiulize habari ya nyumbani.”

Watu wote kwenye laini walicheka. Mimi sikucheka.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo nililijua tangu utotoni, kwa kuwa nimezaliwa huko chini Merti, na ambalo karani hakuwahi kulisahau hata siku moja. Watu wetu wa mifugo hawasemi shida kwa mtu ambaye hajawasalimu. Hawawezi. Mtu atatembea kutoka malishoni, atapanda lori juu ya magunia, atafika mjini na jambo zito kifuani, kisha ukimwuliza kwa ghafla “Unataka nini?” atakuambia, “Hakuna. Nimepita tu kuwasalimu.” Atageuka aende zake. Hajakasirika. Wewe ndiye umefunga mlango, na yeye hana tabia ya kubisha mara mbili.

Niliona kwa macho yangu. Karani alikuwa amekwenda kuswali adhuhuri, na kijana wa mwenye ofisi, aliyekuwa amerudi kutoka chuoni, alikaa dirishani kwa muda. Akaja mzee mmoja wa Korbesa, fimbo begani, vumbi mpaka kwenye nyusi.

“Sema shida yako, mzee,” yule kijana alisema. Hakuwa na ubaya wowote, sauti yake ilikuwa nzuri kabisa.

Mzee alimtazama. “Hakuna shida,” alisema. “Nimesalimia tu.”

Akaondoka. Karani aliporudi, uso bado na maji ya udhu, tulimwambia kwamba mzee fulani alipita kusalimu. Aliuliza alitoka wapi. Tuliposema Korbesa, hakuvaa hata viatu vizuri, alivikanyaga visigino akatoka mbio kuelekea sokoni, koti likipepea. Alimpata kwenye vibanda vya chai. Walirudi pamoja polepole, wakiulizana habari ya ngamia. Walipofika dirishani ndipo ilipotoka kwamba ndugu wa yule mzee ameruhusiwa kutoka hospitali, amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, hawezi kupanda nyuma juu ya mizigo kwa sababu ya mshono tumboni, na mzee alikuwa amekuja kuomba kiti cha mbele. Kiti cha mbele kilikuwa kimeshachukuliwa na mwalimu mmoja. Karani alimsalimu mwalimu kwa muda mrefu sana, na mwalimu akahamia nyuma.

Msidhani alikuwa malaika. Mkewe, ambaye tulikuwa tukikutana kwa mama anayeuza maziwa ya ngamia, aliniambia kwamba nyumbani yule mtu alikuwa gogo. “Maneno yote anayamaliza huko kwa dirisha,” alisema. “Hapa anafika mtupu. Namwambia maji yako tayari, ananiangalia kama nimemwomba mkopo.” Kulikuwa na jirani yake mmoja waliyegombania naye ua wa miiba, na hakumpa salamu hata ya kichwa kwa miaka. Jirani huyo akitaka kutuma mzigo alimtuma mkewe.

Pia alikuwa mwoga. Mara moja alisikia kwamba mvua imepiga juu milimani na laga moja imejaa. Laga zetu ni mito ya mchanga, unavuka ukiwa na viatu vikavu mwezi mzima, halafu saa moja tu inashuka na maji yanayobeba lori. Basi akazuia mizigo yote. Kumbe laga ilikuwa kavu, ulikuwa uvumi wa kwenye chai, na kati ya mizigo hiyo kulikuwa na nguo za bibi harusi. Baba wa bibi harusi alikuja na hasira ya siku tatu. Karani alipomwona kwa mbali aliingia nyuma ya magunia ya unga, akakaa huko akituonyesha kwa mikono tuseme hayupo. Baba mtu alitukana mabati, akatukana dirisha, akachoka. Karani alipotoka alikuwa mweupe kichwa mpaka kiatu. Alijipangusa kwanza viatu, kwa sababu viatu vyake vilikuwa fahari yake, alivipaka rangi kila siku hata wakati wa vumbi, na akasema, “Leo huyo hakuwa tayari kwa salamu.”

Shukrani hakuzipenda. Ukimwambia asante anakunja uso. “Asante ni ya mzigo ukifika,” alisema. “Sasa umeniachia tu.”

Na alivyoshika dawa ya mama, hapo nitasimama kidogo, kwa maana ndiyo sababu nilivumilia mengine yote. Alikuwa na chupa ya chai ya buluu yenye mdomo mpana, ameitenga kwa kazi hiyo. Nilimweleza nilivyoambiwa dukani, kwamba dawa ikae baridi lakini barafu isiiguse, na akaniuliza tena na tena mpaka nikafikiri hanisikii. Kisha akawa anafanya hivyohivyo kila mara bila kukumbushwa: barafu chini kutoka kwa mama wa soda, kitambaa katikati, dawa juu, kifuniko, halafu gunia lililoloweshwa linazungushwa nje na kufungwa kwa kamba. Aliiita mgonjwa. “Mgonjwa amefika,” alisema akiniona. Mzigo huo hakuuweka na mingine. Aliutoa mwenyewe nje mpaka kwa dereva.

Dereva wa pikapu ya Merti alikuwa kijana wa huko huko, mtoto wa watu tunaowajua, shavu limejaa miraa na mguu hautoki kwenye mafuta. Alikuwa na mazoea ya kuacha gari likiunguruma kuonyesha kwamba anachelewa.

“Zima,” karani alimwambia.

“Mzee, nimechelewa.”

“Zima kwanza. Mtu hapewi mgonjwa na gari inanguruma.”

Kijana alivuta pumzi, akazima. Kimya kikaingia. Karani akamsalimu, watu, mifugo, mvua, barabara, ingawa walikuwa wamesalimiana alfajiri. Halafu akanigeukia mimi. “Mwambie mwenyewe,” alisema.

Nikawa namwambia yule kijana, nikimtazama usoni, “Hii ni dawa ya mama yangu. Ni ile ya kudunga. Usiweke juu ya mizigo, weka hapa miguuni kwako, penye kivuli. Ukifika anakungoja dada yangu mdogo.” Na karani akamwambia, “Rudia.” Akarudia. Mara ya kwanza kijana aliona aibu na mimi pia. Baadaye tukazoea. Jioni simu ilikuwa inalia, dada yangu anasema, “Imefika, bado baridi,” na ndipo kifua changu kilipokuwa kinashuka.

Kuna siku alikataa kuichukua. Nilikuwa wa mwisho kwenye laini, nikasikia akimsalimu mwanamke mmoja aliyekuja na kuku kutoka huko chini. Walipofika kwenye mvua, mwanamke alisema kwao haijanyesha, lakini usiku mbwa walikataa kulala na upande wa milimani kulikuwa kukipiga radi mpaka asubuhi. Karani alitazama upande wa milimani. Zamu yangu ilipofika alisema, “Leo pikapu haivuki.”

“Juzi ulisema hivyo hivyo na laga ilikuwa kavu!” nilimwambia. Mama alikuwa amebakiwa na dawa kidogo. Nilipiga ubao kwa kofi, nikalia mbele ya watu, siogopi kusema. Yeye hakujificha nyuma ya magunia safari hiyo. Alichukua chupa, akaenda nayo kwa mama wa soda, ikakaa kwenye friji, na alasiri akaipakia kwenye lori refu la mbuzi lililokuwa linarudi tupu. Pikapu ililala upande wa huku wa maji. Lori lilivuka. Ninachokumbuka zaidi si kuvuka kwa lori, ni kwamba siku iliyofuata nilipokwenda kumwomba radhi alianza kuniuliza habari ya nyumbani kama kawaida, na tulipofika kwenye barabara tukacheka wote wawili.

Halafu ofisi ikaingia mikononi mwa yule kijana wa chuo, babake alipochoka. Nisimseme vibaya. Alibomoa mabati, akajenga kwa matofali, akaweka kioo, viti vya plastiki, feni, na msichana mwenye sare ya buluu aliyejua kutabasamu. Karani aliambiwa akae uani kupanga magunia, kwa kuwa laini yake ilikuwa inafika barabarani. Alikaa uani muda kidogo. Mimi nilikuwa nikichungulia kumwona, anaongea na wapakiaji. Siku moja hakuwepo. Walisema ameenda Leparua, kwa shemeji yake, anafuga mbuzi.

Nitasema ukweli, wiki zile za kwanza nilifurahi. Ulikuwa unaingia, unapata kiti, msichana anasema, “Karibu. Unatuma ama unachukua?” Unasema unatuma. Anapima, anabandika karatasi, simu yako inalia palepale: mzigo wako umepokelewa. Dakika chache uko nje, barafu bado ina kona zake. Nilijiambia, kumbe inawezekana. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nikichomwa jua bure.

Nilikuwa sijaona kwamba hakuna tena wa kumwambia dereva. Mzigo uliingia kwenye tundu ukutani, ukatokea upande wa pili, ukapakiwa na mtu asiyejua ni nini.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali hapa mjini. Nilituma dawa asubuhi. Jioni simu ya dada yangu haikuja. Nilipiga mimi, akasema pikapu haijafika. Nilipiga ofisini. “Mzigo uko njiani, mama,” msichana alisema, kwa sauti tamu. Kesho yake nilipiga tena. “Uko njiani, mama.” Nikamwuliza njiani wapi. Akasema mashine inaonyesha njiani. Nilikwenda mwenyewe, nikasimama mbele ya kioo. Alinitazama kwa huruma, namwamini, na akaniambia maneno yaleyale kwa sababu hakuwa amepewa mengine.

Mama alikuwa ameficha kwamba dawa imeisha. Ndivyo alivyo, hataki kusumbua. Siku ya tatu dada yangu alimkuta amekaa ukutani, hajui ni asubuhi au jioni, mdomo umekauka. Majirani walimbeba mpaka hospitali, akawekewa maji na dawa, akarudiwa na fahamu. Lakini tangu hapo miguu yake haina hakika, na anatembea akishika ukuta. Pikapu ilifika baadaye, ilikuwa imekwama mbele ya laga iliyojaa. Dawa yangu ilikuwa juu kabisa ya mizigo, chini ya turubai, imepikwa.

Nilipoenda kulalamika nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mzee mmoja kutoka upande wa kule. Aliniuliza nina nini, nami nikamwambia yote. 

“Hiyo siku nilikuwa nyuma yako kwa laini,” alisema. “Mimi nilikuwa nimetoka huko na lori usiku. Laga ilikuwa imejaa, tulivuka kwa shida. Pikapu isingeweza.”

“Mbona hukusema, mzee?”

“Nimwambie nani? Hakuna mtu aliniuliza barabara.” Alikuna goti. “Huyo msichana aliniambia, unatuma ama unachukua. Nikasema nachukua.”

Nilibaki palepale chini ya feni. Nilimwona karani akilini mwangu, ameweka viganja vyake juu ya ubao, ananyamaza, na mimi nyuma nakanyaga kanyaga ardhi kama mbuzi anayetaka maji.

Tangu siku hiyo nimekuwa kero ya ile ofisi. Naingia, natuma kwa kioo kama sheria inavyotaka, halafu nazunguka mpaka uani na kumfuata yule kijana dereva, ambaye sasa ana ndevu, namsihi aweke miguuni. Mara nyingine anaweka. Mara nyingine anasema sheria hairuhusu mteja kufika uani, na mlinzi ananitoa. Usiku wa siku hizo silali mpaka simu ilie.

Karani sikumwona tena kwa muda mrefu, mpaka mwaka huu, mwanzoni mwa kiangazi.

Nilikuwa nimeshatuma, nimesimama karibu na mlango nikiitazama pikapu. Ilikuwa imejaa, turubai limefungwa, yule dereva wetu mwenye ndevu ndani, injini inaunguruma. Nikaona mzee anaingia, koti zito kwenye joto lile, kifungo cha juu kimefungwa, viatu vimepakwa rangi vikang'aa. Amekonda. Nilimjua kwa viatu kabla ya uso. Hakuniona. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kioo, akatafuta mahali pa kuweka viganja, hapakuwa na ubao, akavishusha.

“Habari ya huku?” alimwuliza msichana.

“Poa, mzee. Unatuma ama unachukua?”

“Nyumbani hawajambo?”

“Poa tu. Unatuma ama unachukua?” Nyuma yake watu walikuwa wanajipanga. Mmoja alikohoa.

Karani alisimama. Nilikuwa upande, nikaona koti lake linavuja. Maji, tone moja moja, yalikuwa yakitoka chini ya koti na kuanguka juu ya kiatu cha kulia, na kuacha alama kwenye rangi. Nikaelewa kuna gunia lililolowa mle ndani, na ndani ya gunia kuna nini. 

“Hakuna,” alisema. “Nimepita tu kuwasalimu.”

Akageuka, akatoka nje. Yeye mwenyewe! Mtu aliyewakimbilia wengine sokoni viatu vikiwa vimekanyagwa visigino!

Nje dereva alipiga honi ya kwanza. Nilitaka kumkamata koti nimwambie, mzee, toa hiyo dawa, gari linaondoka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikajua nikimwuliza hivyo atanijibu alichomjibu msichana, na ataondoka nayo mpaka Leparua, na kesho hakuna gari. Basi nikamfuata, nikasimama mbele yake, nikashusha sauti kwa nguvu zangu zote.

“Salaam aleikum, mzee.”

“Aleikum salaam.” Alinikazia macho, na uso ukafunguka. “Ni wewe, intala yangu! Mgonjwa hajambo?”

Intala ni binti, kwetu, na hakuwahi kuniita hivyo zamani.

“Nagaa?” nilimwuliza.

“Nagaa.”

“Nyumbani wote wazima?”

“Wazima.”

Alisema haraka, kama watu wanavyosema. Honi ya pili. Mpakiaji alipiga bati la pikapu kwa kofi kuashiria twende.

“Mbuzi?” niliuliza. Jicho langu lilikuwa kwenye pikapu.

“Mbuzi wapo. Fisi alichukua mmoja, yule mweupe. Wengine wapo.”

“Pole. Mvua je?”

“Imegusa tu, ikaenda.”

“Na barabara ya kuja huku?”

“Vumbi. Lakini inapita.” Kisha, ilivyo sheria, akaanza upande wangu. “Na wewe? Mzee wa nyumbani? Watoto?”

“Wazima, wazima wote.” Pikapu ilirudi nyuma kidogo kutafuta nafasi ya kugeuka. 

“Mama?”

“Mama yupo, mzee. Anashika ukuta, lakini yupo. Bado anaulizia ile chupa ya buluu.”

Alicheka kidogo, akatazama chini, akaona kiatu chake. Hapo nilikumbuka alikuwa na binti aliyeolewa Merti. Zamani alikuwa akimtaja akifika kwenye habari ya mvua.

“Na msichana wako wa Merti?” nilimwuliza.

Alikitazama tena kiatu. Nami, sijui nilipata wapi subira, sikuongeza neno. Niliweka mikono yangu miwili tumboni, viganja vimetulia, nikanyamaza kama alivyokuwa akinyamaza yeye.

“Huyo si mzima,” karani alisema. “Imempata ile ya mama yako. Ana mtoto mchanga. Dawa imeisha jana.”

Akafungua kifungo cha koti. Chupa ya buluu ilikuwa mle ndani, imefungwa kwa gunia na kamba.

Nilikimbia. Nilisimama mbele ya pikapu, mikono juu, nikipiga kelele ambazo sikumbuki. Breki zililia, na vumbi likanimeza. Dereva alitoa kichwa dirishani. “Mama, leo umechoka kuishi? Nimechelewa!”

Karani hakukimbia. Alikuja kwa mwendo wake, chupa mbele ya kifua kwa mikono miwili, akafika mlangoni kwa dereva. Nilidhani atamtupia, atamwambia shika, nenda. Injini ilikuwa inanguruma, watu waliokuwa juu ya mizigo wanalalamika, na mtoto mchanga yuko huko Merti na mama yake.

“Nagaa?” alisema karani.

Nilifumba macho. Niliyafumbua niliposikia sauti zote zimekatika. Dereva alikuwa amemtazama, akautazama mzigo uliokuwa ukidondosha maji, na mkono wake ulikuwa bado kwenye ufunguo.

“Nagaa, mzee,” alisema. “Nimezima. Nyumbani wazima?”